Ridhaa Yatosha: Safari ya Sherehe za Upendo Kutoka Roma Hadi Ziwa Kivu

Kila mwaka, mwezi wa Februari unapokaribia, barabara za miji yetu hubadilika rangi. Maputo mekundu hutundikwa milangoni mwa maduka, maua ya plastiki hupangwa kandokando ya njia, na vijana huanza kuhesabu fedha walizo nazo na zile wasizo nazo. Miezi michache baadaye, kiangazi kinapoingia, huja majira ya arusi: kamati huundwa, michango huandikwa daftarini, vikwembe vya sare huchaguliwa, na kila jioni mtu hubisha hodi mlangoni akiwa na kadi ya mwaliko mkononi.

Hatuandiki ili kuwanyima watu furaha yao. Bwana wetu mwenyewe alialikwa arusini kule Kana akaenda, wala hakuwakemea wenyeji kwa kuwa walikunywa. Twaandika kwa sababu ya jambo linalotuumiza. Katika mashirika yetu twawafahamu ndugu waliokaa pamoja miaka mitano, kumi, hata ishirini, wenye watoto waliobatizwa na waliokwisha kupata Komunyo ya kwanza, nao wenyewe hawathubutu kumkaribia padri kuomba Sakramenti ya Ndoa. Ukiwauliza sababu, hawasemi kwamba hawapendani. Husema: bado hatujapata fedha za sherehe. Na tunafahamu wengine waliofunga ndoa kwa shangwe siku ya Jumamosi, kisha wakaanza maisha yao Jumatatu na madeni yaliyodumu kuliko picha za arusi.

Kando ya jambo hilo lipo la pili, ambalo tumechelewa kulitazama: sherehe zetu huacha nini nyuma, juu ya ardhi na ndani ya maji ambayo Mungu alitukabidhi? Kwa kuwa mambo haya mawili yana shina moja, tumeona vema tuifuate historia yake. Desturi nyingi tunazodhani ni za lazima zina mwaka zilipozaliwa, na kilichozaliwa juzi hakiwezi kudai heshima ya kile kilichokuwapo tangu mwanzo.

Tuanze na Mtakatifu Valentino, ambaye jina lake hutajwa kila tarehe 14 Februari na watu wasiomfahamu. Yaliyo hakika juu yake ni machache mno. Alikuwa shahidi wa imani aliyezikwa kando ya barabara ya Flaminia, nje kidogo ya mji wa Roma, na katika karne ya 4 Papa Yulio wa Kwanza alijenga kanisa mahali hapo. Hadithi ya kwamba aliwafungisha ndoa askari kwa siri ni ya nyakati za baadaye sana. Ndiyo maana kalenda ya Kanisa iliporekebishwa mwaka 1969, ukumbusho wake uliondolewa katika kalenda ya Kanisa lote na kuachiwa kalenda za mahali. Siku hiyo sasa tunawakumbuka Watakatifu Sirili na Metodi, mitume wa Waslavi, kwa kuwa Sirili alifariki tarehe 14 Februari 869. Valentino angali mtakatifu na shahidi. Ila alichokitoa kwa upendo kilikuwa damu yake, na hakuna andiko la kale linalotuambia kwamba alimpa mtu ua.

Basi siku yake ilihusishwaje na wapendanao? Jibu lapatikana Uingereza, katika karne ya 14. Mshairi Geoffrey Chaucer alitunga utenzi mrefu juu ya baraza la ndege wanaokusanyika siku ya Mtakatifu Valentino, kila mmoja akitafuta mwenzi wake. Tangu hapo washairi wengine wakaishika fikra hiyo, na desturi ikaingia katika nyumba za wakuu wa Uingereza na Ufaransa. Yafaa tuliweke moyoni jambo hili: sikukuu hii ya upendo ilianza kwa mtu kuwatazama ndege. Ilianza kwa mtu aliyesikiliza viumbe vya Mungu vikiimba mwishoni mwa majira ya baridi, akaona kwamba mapendo ya mwanadamu yana ndugu zake mashambani na mitini. Haikuhitaji duka. Ilihitaji miti yenye ndege.

Miaka mia moja hivi baada ya utenzi huo, mwezi wa Februari 1477, msichana mmoja wa Norfolk nchini Uingereza aitwaye Margery Brews alimwandikia barua mchumba wake John Paston, akimwita Valentino wake. Barua hiyo imehifadhiwa hadi leo London, nayo huhesabiwa kuwa barua ya kale kuliko zote za namna hiyo zilizosalia katika Kiingereza. Mtu angetazamia kuona humo maneno matamu tu. Kumbe kiini chake ni habari ambayo kila mzazi wa Kongo angeielewa mara moja: mali ya ndoa. Huko kwao ilitolewa na upande wa bibi arusi, na baba yake Margery alikuwa amekataa kuongeza kiasi kilichodaiwa. Mama yake alimsihi baba bila kufanikiwa. Margery anakiri kwamba hali yake si njema mwilini wala moyoni. Anamwomba John, kama kweli anampenda, asimwache kwa ajili ya mali; na kwa upande wake anasema kwamba hata kama John angekuwa na nusu tu ya mali aliyo nayo, yeye asingemwacha. Mwaka huohuo wakafunga ndoa.

Tumekaa na barua hiyo kwa muda mrefu, kwa maana yatuonyesha kwamba mvutano kati ya upendo na gharama si ugonjwa wa Kongo peke yake, wala si wa leo. Lakini yaonyesha pia zawadi ya kwanza ya Valentino ilikuwa nini: karatasi, wino, na neno la kweli kutoka kwa mtu aliyejua anachokihatarisha.

Biashara ilikuja baadaye. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha stempu ya bei nafuu iliyomwezesha hata mfanyakazi wa kawaida kutuma barua, na kadi za Valentino zikaongezeka ghafula. Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Worcester huko Massachusetts, Marekani, binti mmoja aitwaye Esther Howland aliiona kadi ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1840. Akaanza kutengeneza zake kwa karatasi zilizokatwa kama kamba za nyuzi, huku wanawake wakiketi nyumbani mwao mezani, kila mmoja akiongeza kipande chake. Tangu hapo aliyependa hakuhitaji tena kutafuta maneno yake mwenyewe. Aliyanunua yakiwa tayari. Hatumlaumu binti yule, ambaye kazi yake iliwapa wanawake wengine ujira. Twasema tu kwamba hapo ndipo njia ilipogeuka: kilichokuwa neno kikawa bidhaa, na bidhaa, tofauti na neno, hulinganishwa kwa bei.

Baada ya kadi yakaja maua, na hapa habari yatusogelea. Sehemu kubwa ya waridi zinazouzwa Ulaya mwezi wa Februari hutoka Afrika Mashariki, hasa kandokando ya Ziwa Naivasha katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Ziwa hilo ni la maji matamu, na tangu mwaka 1995 limo katika orodha ya maeneo ya majimaji yenye umuhimu wa kimataifa yanayolindwa na Mkataba wa Ramsar. Mashamba ya maua huvuta maji humo na katika visima jirani. Mbolea na dawa zake huhatarisha maji yanayobaki. Na kwenye kingo zake umekua mji wa wafanyakazi, wengi wao wanawake, ambao mshahara wao hutegemea kama kijana wa mbali atakumbuka kununua ua. Mwezi wa Aprili 2010, majivu ya volkeno ya Iceland yalipozuia ndege kuruka juu ya Ulaya, maua yalioza ghalani Kenya, na wafanyakazi wakaambiwa wabaki nyumbani. Ndipo wengi walipoona jinsi uzi ulivyo mwembamba unaoyafunga mapendo ya watu wa huko na chakula cha watu wa huku.

Hata hivyo tusihukumu kwa haraka. Mwaka 2007, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cranfield nchini Uingereza walilinganisha waridi 12,000 zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kenya na idadi ileile iliyokuzwa Uholanzi ndani ya nyumba za vioo zinazopashwa moto. Za Kenya, pamoja na safari yake yote, zilitoa hewa ya ukaa tani 6 hivi. Za Uholanzi, tani 35. Jua letu ni zawadi ambayo mitambo ya wengine haiwezi kuiiga kwa bei rahisi. Kwa hiyo swali la mazingira halijibiwi kwa kutazama umbali peke yake. Latutaka tuulize kwa uaminifu: kitu hiki kimetoka wapi, kimetengenezwa kwa mikono ya nani, na kitaishia wapi?

Tukiuliza hivyo juu ya pete, jibu latufikia mlangoni. Pete ya ndoa ni desturi ya Warumi wa kale, na mwandishi wao Plinio anasimulia kwamba katika siku zake mchumba wa kike alipelekewa pete ya chuma, isiyo na kito. Dhahabu ilishika nafasi hiyo baadaye. Na sehemu ya dhahabu inayozunguka duniani leo imetoka katika ardhi yetu: Kamituga, Mongbwalu, na machimbo mengi yasiyo na jina kwenye ramani. Mchimbaji mdogo husaga jiwe, huchanganya unga wake na zebaki ili dhahabu ishikamane, kisha huichoma zebaki hiyo motoni, mara nyingi karibu na nyumba anamolala na wanawe. Mvuke wake huingia mapafuni. Mabaki yake huingia kijitoni, na kutoka kijitoni ndani ya samaki. Sumu hii ndiyo iliyowatesa wavuvi wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na jina la mji huo ndilo lililopewa mkataba wa mataifa juu ya zebaki uliokubaliwa mwaka 2013. Pete ndogo yaweza basi kubeba uzito mkubwa. Wapo wachumba wanaovaa pete za mama na bibi zao, zilizoyeyushwa na kufuliwa upya na sonara. Wapo wanaovishana pete za fedha au za shaba. Pete ya namna hiyo haipunguzi ndoa hata chembe. Aliyoivaa bibi kwa miaka hamsini, tena, huleta baraka ambayo dukani haiuzwi.

Hapo ndipo tufikapo kwenye ukurasa wa historia ya Kanisa ambao tungependa usomwe katika kila shirika. Katika karne ya 9, Boris, mtawala wa Wabulgaria, aliyekuwa amebatizwa muda mfupi uliotangulia, alimpelekea Papa Nikolao wa Kwanza maswali mengi juu ya maisha ya Kikristo. Mwaka 866 Papa alimjibu kwa majibu 106. Jibu la tatu lahusu ndoa. Papa anaeleza desturi za Roma: uchumba, pete ambayo bwana arusi humvisha bibi arusi, mali inayokabidhiwa kwa hati mbele ya mashahidi, sadaka kanisani, baraka na shela, na mataji wanayovikwa wakitoka. Orodha hiyo ni nzuri, nasi tungeweza kuiongezea nyingi za kwetu. Lakini Wabulgaria walikuwa wameambiwa kwamba ni dhambi kuacha hata moja ya desturi hizo. Papa anakana. Anasema kwamba si dhambi mambo hayo yakikosekana, hasa kwa kuwa umaskini huwabana watu wengine kiasi cha kutoweza kuyaandaa. Kinachotosha kisheria ni ridhaa ya wale wawili. Nayo ikikosekana, mengine yote, hata yakifanyika kwa fahari, ni bure.

Baadaye Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulidai ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, ili wanawake wasidanganywe kwa ndoa za siri. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 bado yashika kwamba ndoa hufanywa na ridhaa. Na Papa Fransisko, katika waraka wake *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, aliwahimiza wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, wasimezwe na matumizi na maonyesho yasiyo na kitu ndani. Kwa hiyo tangu mwaka 866 hadi leo, sauti ni moja. Gari lililopambwa, keki ya ghorofa tano, ukumbi, kamera, sare: hakuna hata kimoja ambacho Kanisa liliwahi kukidai. Sisi wenyewe tumejitwika mzigo huo, kisha tukawaambia maskini kwamba mlango wa Sakramenti ni mwembamba.

Na ardhi yetu je? Wazee wetu wa Kivu watusimulia arusi za zamani zao. Migomba miwili ilisimikwa kama lango. Ndizi, maharagwe na nyama viliandaliwa juu ya majani ya migomba, kasiksi ilinywewa kwa kibuyu na mirija, zawadi zilibebwa katika vikapu. Sherehe ilipokwisha, kilichobaki kilitupwa shambani, na mvua ya kwanza ikakigeuza mbolea. Hatusemi kwamba kila jambo la zamani lilikuwa jema. Wapo mabinti waliotolewa bila kuulizwa, na huko ni kukosa ileile ridhaa ambayo Papa Nikolao aliiweka juu ya yote. Lakini katika hili wazee walitushinda: sherehe yao haikumwachia mtu taka.

Sherehe yetu huacha chupa na vifuko vya plastiki, maputo yaliyopasuka, sahani za kutumia mara moja. Mvua huvisukuma mitaroni, mitaro huvisukuma ziwani, na Ziwa Kivu huvipeleka kwenye mlango wake mmoja tu, Mto Ruzizi. Hapo, karibu na Bukavu, kuna bwawa la umeme lililojengwa tangu miaka ya 1950, na takataka hizo huziba mitambo yake. Umeme ukatikapo nyumbani, twalalamika. Kumbe huenda kilichouzima ni kikombe tulichokunywea kwenye arusi ya jirani. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali yetu ilitoa amri ya kupiga marufuku vifuko vya plastiki. Amri ipo; vifuko navyo vipo. Vivyo hivyo makaa yanayopikia karamu zetu, hasa upande wa Goma, mara nyingi hutoka katika misitu ya Virunga, hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Walinzi wengi wa hifadhi hiyo wameuawa wakiitetea. Papa Fransisko alituonya katika *Laudato Si'*, mwaka 2015, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vyapaswa kusikilizwa kwa pamoja. Katika arusi zetu, vilio hivyo viwili hutoka katika chungu kimoja.

Tufanye nini basi? Hatuna la kuamuru, ila twaweza kushirikishana yale tuliyoyaona yakizaa matunda. Parokia nyingi hufungisha ndoa za pamoja: jozi kumi au ishirini katika Misa moja, na shirika la kila jozi huleta chakula cha kushirikiana. Tumewaona huko wazee wenye mvi wakipeana mikono mbele ya wajukuu wao, wakilia. Hakuna aliyeuliza keki iko wapi. Yawezekana pia kukodi au kuazima vyombo vya kuoshwa badala ya kununua vya kutupa. Shirika likinunua sahani na vikombe mia mara moja, vitahudumia arusi, ubatizo na matanga kwa miaka mingi. Yawezekana kupamba kanisa kwa majani ya migomba, mitende, na mayungiyungi ya bustani zetu, yatakayorudi udongoni. Yawezekana jozi mpya ipande miti miwili, iwe parachichi au mwembe kadiri ya mahali, na kuimwagilia pamoja. Kwa maana mti, kama ndoa, hutunzwa zaidi baada ya wageni kuondoka.

Na kwa siku ile ya Februari, na kwa kila ukumbusho wa ndoa, mume na arudi kwenye zawadi ya Margery. Aketi, aandike kwa mkono wake mwenyewe barua ya ukurasa mmoja kwa mkewe, amwambie yale ambayo hajamwambia tangu mtoto wa tatu alipozaliwa. Mke naye afanye vivyo. Waende pamoja Misani asubuhi, kisha watembee jioni kando ya ziwa au chini ya miti, mahali ambapo ndege wangali wanaimba. Wanaoadhimisha miaka ishirini na mitano au hamsini wawaite vijana wachumba, wawasimulie ukweli wa miaka hiyo, pamoja na miaka migumu. Hiyo ni karamu ambayo vijana wetu wana njaa nayo.

Boris alikuwa mtawala. Aliweza kununua mataji yoyote aliyotaka na kuwalazimisha raia wake kufanya hivyo hivyo. Papa alipomwandikia alimkumbuka mtu mwingine ambaye hakuuliza swali lolote, maskini wa Bulgaria asiye na kitu cha kuandalia, akamfungulia mlango. Miaka zaidi ya 1,100 imepita. Mtu huyo yumo katika shirika letu, anakaa nyumba ya tatu kutoka yetu, na mwenzi wake, na watoto wao. Jumapili hii, baada ya Misa, tumpitie tumwambie kwamba mlango uko wazi. Kisha, kama ataridhia, tumuulize ni siku gani tulete maharagwe na majani ya migomba.